Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ndege wa Mbali Kwenye Mdomo wa Ruzizi

Mafundisho ya redio kwa Sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, tarehe 2 Februari
Masomo ya kusoma nyumbani: Kutoka 23:10-11, Yeremia 8:7, Luka 2:22-40



Leo tunakumbuka siku ambayo Maria na Yosefu walimpeleka mtoto Yezu hekaluni. Mtakatifu Luka anataja jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka tukisoma, yaani sadaka waliyoitoa. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi sura ya 12, ilimtaka mama aliyejifungua alete mwana-kondoo. Kama mkono wake haukufika kwa mwana-kondoo, aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Yosefu alikuwa fundi wa mikono. Kondoo hakuwa naye. Familia takatifu ikatoa sadaka ya ndege, sadaka ya maskini.

Basi tuulize: huyo hua anayetajwa katika Sheria ni ndege gani? Katika nchi ya Israeli yuko hua mmoja ambaye hakai mwaka mzima. Anafika baridi inapokwisha, anajenga kiota, anataga, analea. Baridi nyingine inapokaribia anaondoka na kurudi huku kwetu Afrika, kusini ya jangwa la Sahara. Nabii Yeremia alimfahamu vizuri. Katika sura ya 8, mstari wa 7, anamtaja pamoja na korongo na mbayuwayu. Anasema kwamba ndege hao wanaijua saa yao ya kwenda na saa yao ya kurudi, lakini watu wa Mungu hawataki kuijua njia ya Bwana wao. Ndege msafiri amekuwa mwalimu wa watu waliokaa mahali pamoja na kupotea.

Tena tarehe hii ya leo ina kumbukumbu nyingine. Tarehe 2 Februari 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, kando ya bahari ya Kaspi, wajumbe wa nchi mbalimbali walipatana kulinda ardhi oevu, yaani vinamasi, mabonde ya mafunjo, midomo ya mito na kingo za maziwa, hasa kwa sababu ndege wengi wa majini wanaishi humo. Nchi yetu ya Kongo iliingia katika mapatano hayo mwaka 1996. Ndiyo maana leo dunia nzima inaadhimisha Siku ya Ardhi Oevu, siku ileile ambayo Kanisa linakumbuka ndege wa Yosefu na Maria. Nimeona vema tuziweke siku hizi mbili pamoja, tusikie Mungu anatuambia nini sisi watu wa Walungu, tunaolima mabondeni.

1. Maji yetu yanafika wapi

Mto Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu pale Bukavu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460. Unashuka kwa nguvu kati ya milima, ndiyo maana mabwawa ya umeme yakajengwa juu yake, halafu unatulia pale Kamanyola, ambayo ni sehemu ya teritware yetu ya Walungu. Kutoka hapo unapita katika uwanda wenye joto, na baada ya safari nzima ya kilomita kama 117 tangu ziwa Kivu unaingia katika ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa karibu mita 770. Kabla ya kuingia ziwani unagawanyika mara mbili: Ruzizi Kubwa na Ruzizi Ndogo. Ruzizi Ndogo ndiyo mpaka kati ya Kongo na Burundi. Upande wa Burundi, mahali hapo pa maji, matete na mchanga panalindwa tangu mwaka 1980 kama hifadhi ya wanyama na ndege, na mwaka 2002 paliandikwa katika orodha ya Ramsar.

Kikundi cha vijana na mama wa parokia yetu tulikwenda kupaona, katika mwezi wa Novemba, wakati barabara ilikuwa inapitika. Tulitoka alfajiri, tukashuka milima ya Ngomo na baridi yetu mwilini, na tulipofika Kamanyola kila mtu alikuwa amekwisha kuvua koti. Tukapita Uvira, tukaonyesha karatasi zetu za CEPGL mpakani, tukafika Gatumba. Kutoka pale hadi kwenye hifadhi si mbali.

Watu wengi wakisikia jina la hifadhi hiyo wanafikiria mamba na viboko, na kweli wapo. Kiboko mmoja alituangalia muda mrefu, macho na masikio tu juu ya maji, na mama zetu wakanyamaza kuliko wanavyonyamaza kanisani. Lakini waliotushangaza zaidi ni ndege. Kwenye kisiwa cha mchanga mwari walikuwa wamekaa kama kundi la kondoo weupe. Mdiria, yule mweusi kwa mweupe, alikuwa amesimama hewani juu ya maji, mabawa yakitetemeka, halafu akaanguka kama jiwe na kutoka na samaki mdomoni. Na pembeni, katika matope, walikuwepo wadogo ambao mtu anaweza kuwapita bila kuwaona. Vitwitwi walikuwa wanakimbia wakitikisa mkia, na tikisa-mkia wa njano walikuwa wanaokota vijidudu karibu na miguu ya ng'ombe.

Kiongozi wa hifadhi, mzee mpole, akatuonyesha mmoja wa hao wadogo na kusema, «Huyu hakuzaliwa hapa. Amezaliwa Ulaya. Hapa ni mgeni, na mwezi wa tatu au wa nne atarudi kwao.»

Msichana mmoja wa kwaya akamwuliza, «Papa, nani anamlipia njia?»

Tulicheka wote. Yule mzee naye alicheka, lakini akajibu vizuri: «Anakula kwanza, mwanangu. Mafuta ya mwili wake ndiyo esansi yake. Na mahali pa kunywesha esansi hiyo ni hapa, katika matope haya.»

2. Msafiri mwenye uzito wa nusu ya yai

Tufikiri kidogo juu ya jibu hilo. Mbayuwayu, yule mwenye mkia wa panda ambaye tunamwona akiruka chini chini juu ya mashamba yetu kabla ya mvua, ana uzito wa gramu kama 20. Yai la kuku lina gramu 50 au zaidi. Mtu mzima wa mbayuwayu hafikii nusu ya yai! Na bado anatoka Ulaya, anavuka bahari ya Mediterania, anavuka Sahara, anafika kwetu na hata kupita hadi Afrika Kusini, kisha anarudi. Anasafiri bila bidoni ya maji. Analotegemea ni kwamba katikati ya njia atakuta mahali pa kula.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wenye elimu kabisa waliandika kwamba wanalala chini ya matope ya maziwa mpaka jua lirudi. Kisha mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz nchini Ujerumani, akapatikana korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umepenya shingo yake, mkuki wa mti wa urefu wa sentimita kama 80. Walipouchunguza wakatambua kwamba ulitengenezwa Afrika ya kati. Mtu mmoja wa huku kwetu alimrushia korongo mkuki, korongo hakufa, akaruka na mkuki wake shingoni mpaka Ujerumani. Korongo huyo amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Ndivyo Wazungu walivyofahamu: ndege wao wanakula kwetu. Jeraha la Afrika ndilo lililowaletea habari.

Baadaye, mwaka 1899, mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavalisha ndege pete ndogo za alumini zenye namba miguuni, ili atakayewakuta mbali ajue walikotoka. Leo ndege wengine wanabebeshwa hata chombo kidogo kinachoonyesha njia yao. Wazazi, nawaomba mwafundishe watoto: ukikuta ndege mwenye pete, hiyo si hirizi, wala si uchawi, wala si upelelezi. Ni barua. Someni namba, muipeleke shuleni au parokiani ili itumwe kwa wanaohusika.

Na huyo korongo mweupe ana neno kwa sisi tunaosoma Biblia. Makorongo hawapendi kuvuka bahari pana, kwa sababu wanapanda juu ya hewa ya moto inayotoka ardhini, nao huruka mabawa wazi bila kuchoka. Kwa hiyo wengi wa Ulaya ya mashariki wanazunguka bahari, wanapita juu ya nchi ya Israeli, wanafuata bonde la Nile hadi Sudan, Uganda, Tanzania na kuendelea kusini. Yeremia aliposimama Yerusalemu na kutazama juu, aliwaona makorongo wakiwa katika njia ya kuja Afrika au kutoka Afrika. Mfano wa nabii ulikuwa umeshiba chakula cha vinamasi vya bara letu! Tusidhani basi kwamba Maandiko yanasema habari za nchi za mbali tu. Kinamasi chetu kina kisehemu ndani yake.

3. Kona ya shamba ni ya mgeni

Sasa tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 23. Mungu anawaagiza Waisraeli walime shamba miaka sita, na mwaka wa saba waliache lipumzike. Kwa nini? Sababu ya kwanza ni ili maskini wapate kula. Lakini haiishi hapo: kile ambacho maskini watabakiza ni cha wanyama wa porini. Wanyama wa porini wameandikwa katika Sheria, mstari mmoja na maskini. Katika Walawi 19 anakataza kuvuna mpaka ukingoni mwa shamba, ili mgeni naye apate. Na katika Kumbukumbu la Sheria sura ya 22 anasema juu ya kiota: ukikuta mama ndege amelala juu ya makinda, usimchukue mama pamoja na watoto. Mwache mama aende.

Ndugu zangu, angalieni hekima hiyo. Mungu hakatazi kulima. Hakatazi kuvuna, hakatazi hata kutwaa ndege kwa chakula. Anachokataza ni kumaliza. Anataka ibaki kona. Anayevuna mpaka punje ya mwisho, anayechimba mpaka unyasi wa mwisho, ametangaza kwamba ulimwengu ni wake peke yake na kwamba baada yake hakuna mtu anayekuja.

Delta ya Ruzizi ni kona ya namna hiyo. Na mabonde yetu ya Walungu, madogo yalivyo, ni kona vilevile. Kitwitwi akitoka Ulaya hashuki mara moja mahali pamoja. Anahitaji mlolongo wa vituo, kimoja baada ya kingine, kama msafiri wa zamani aliyelala kwa jamaa huyu, kesho kwa jamaa yule. Nyumba moja ikifunga mlango, msafiri anaweza kufika nyingine. Nyumba zote zikifunga, anaanguka njiani.

4. Swali la mama mmoja

Jioni, kabla hatujaondoka Uvira, mama mmoja wa shirika letu aliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu haraka. Alisema, «Padri, mimi ninalima maharagwe na kabichi katika bonde, kwa sababu mlimani udongo umechoka. Wakati wa kiangazi, pasipo bonde, watoto wangu hawali. Sasa ndege ni wakubwa kuliko watoto wangu?»

Mama huyo anasema kweli. Walungu ina watu wengi na ardhi kidogo. Shamba la babu limegawanywa kwa baba, la baba limegawanywa kwa wana, na sasa mtu analima kipande ambacho mbuzi mmoja angekimaliza asubuhi. Wengi wa mama zetu hawana bonde lao, wanalikodi, na wanalipa kabla ya kuvuna. Mtu atakayepanda mimbarani na kumwambia mama huyo aache bonde, huyo hajawahi kulala njaa. Yezu mwenyewe alisema kwamba sisi tuna thamani kuliko ndege wengi. Lakini sikieni: alisema hivyo baada ya kutuambia kwamba hata shomoro mmoja hasahauliwi na Baba. Thamani yetu kubwa haikuifuta thamani yao ndogo.

Tena tuangalie kazi ya kinamasi. Mvua ikinyesha mlimani, maji yanashuka kwa haraka na udongo wetu mwekundu ndani yake. Yakifika katika mafunjo na matete yanapunguza mwendo. Udongo unatua chini, maji yanaingia ardhini pole pole, na mwezi wa saba, mvua ikiwa imekoma, chemchemi inaendelea kutoa. Kinamasi ni kama kitambaa kinachonyonya maji na kuyaachia kidogo kidogo. Ukikimaliza kwa mifereji, ukichoma mafunjo yote, ukichimba udongo wa matofali na kuacha mashimo wazi, mvua inakuwa mafuriko na kiangazi kinakuwa kiu. Halafu mama yuleyule anayetafuta kabichi ndiye atakayetembea mbali na bidoni kichwani.

Mafuriko tunayajua. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba nyingi Uvira. Mwezi huohuo Ruzizi ilifurika mpaka ndani ya Gatumba, watu wakapita mitaani kwa mitumbwi. Mwezi wa Mei 2023, katika teritware ya Kalehe, maji na mawe yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Mvua ilikuwa nyingi kupita kawaida, ni kweli. Lakini mlima usio na miti na bonde lisilo na majani havina mkono wa kuzuia maji.

Ndiyo maana wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukiacha ukingo wa bonde kwa ajili ya kitwitwi, ukingo huohuo unatuchujia maji, unatushikia udongo, unatuhifadhia majani ya kuezeka na ya kufuma mikeka. Mgeni anakula vijidudu vyake na kwenda zake. Mwenyeji anabaki na chemchemi.

Na kuna neno la haki hapa. Mzigo huu tusimwekee mama mwenye jembe peke yake. Mwenye bonde kubwa anayelikodisha lote, hata kingo za kijito, ili apate feranga zaidi, huyo ndiye wa kwanza kuulizwa. Mfanyabiashara wa matofali anayechukua udongo na kuacha mashimo ambamo mbu wanazaliana na watoto wanaweza kuzama, naye ataulizwa. Sisi tunaoishi mjini tunatupa chupa na sashe katika mitaro ya Bukavu, na takataka hizo zinaingia ziwani, zinashuka na kuziba hata mashine za umeme za Ruzizi. Zinazopita zinakwenda mpaka chini. Kona ya shamba inaachwa kwanza na mwenye shamba kubwa. Ndivyo Sheria ilivyo.

5. Watu nao wanatafuta kimbilio

Siwezi kutaja Gatumba na kuendelea kana kwamba ni jina la njia tu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba, waliuawa wakimbizi zaidi ya 150, Wakongomani wenzetu waliokuwa wamevuka mpaka kutafuta usalama. Kambi hiyo haikuwa mbali na mahali ambapo ndege wamelindwa kwa sheria tangu mwaka 1980. Tulisimama kando ya njia, tukawaombea. Nilifikiri moyoni: tumeweza kumwekea ndege mahali ambapo hakuna ruhusa ya kumwua, na binadamu tumeshindwa kumwekea.

Wako watu wanaosema: mnaongea habari za ndege na watu wanakufa? Jibu langu ni kwamba moyo ni mmoja. Mtoto anayefundishwa kwamba kila kiumbe dhaifu kinachopita mbele yake ni cha kupigwa manati, atajifunza wapi kwamba mtu dhaifu anayepita si wa kupigwa? Na anayefundishwa kumwachia mgeni kona, hata mgeni wa gramu 20, ameanza kujifunza jinsi ya kumpokea mkimbizi mlangoni.

Sisi wa Jimbo Kuu la Bukavu tuna mfano wetu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alisimama upande wa wakimbizi wakati wengi waliona kwamba kuwataja tu ni hatari. Aliwatetea kwa maneno na kwa barua, hakukimbia mji, akauawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Hakuuliza kwanza mgeni anatoka upande gani. Katika nyumba zetu leo wamo jamaa waliokimbia vita, wanalala chumba kimoja na watoto wetu, wanakula kutoka sufuria yetu ndogo. Kuwapokea kunachosha, najua. Mungu anaona kona hiyo mnayowaachia.

6. Tufanye nini

Kwanza, kila anayelima bondeni aache hatua tatu au nne za majani pande zote mbili za kijito. Mashirika ya kijiji kimoja yakipatana, hakuna atakayejiona amepoteza peke yake. Wakuu wa vijiji waombwe wakae nasi katika mapatano hayo.

Pili, tusichome mafunjo kwa moto. Yakatwe kwa mikono, sehemu kwa sehemu, ili sehemu nyingine ibaki na viota. Tusitie sumu ya kuvulia samaki katika maji ambayo mwingine atakunywa.

Tatu, anayechimba udongo wa matofali ajaze shimo lake kabla ya kufungua lingine.

Nne, walimu na makatekista wachukue watoto siku moja katika mwezi huu, wawapeleke kando ya bonde bila manati, wakae kimya nusu saa, wahesabu aina za ndege. Wageni wa Ulaya bado wapo kwetu. Watoto watauliza maswali mengi. Wajibuni kwa sura ya 8 ya Yeremia.

Tano, chupa ya plastiki irudi nyumbani na aliyeinunua.

Wapendwa, turudi hekaluni tukimalizia. Siku ile watu wengi walipita katika ua wa hekalu. Waliona mume na mke maskini, mtoto mchanga na ndege wawili. Wakapita. Simeoni na Anna, wazee wawili waliozoea kungoja, ndio waliotambua nani amefika. Baadaye Yezu alilia juu ya Yerusalemu kwa sababu haukutambua wakati wa kutembelewa kwake. Ndege wanatambua wakati wao. Tuombe neema ya Simeoni na Anna, ya kumtambua mgeni wakati bado yuko mbele yetu, awe amekuja kwa mabawa, kwa miguu, au mikononi mwa mama maskini.

Maswali kwa shirika

1. Katika kijiji chetu, ni kijito gani au chemchemi gani imepungua tangu wazee walipokuwa vijana? Wazee waeleze palivyokuwa.
2. Nani anafaidika na bonde letu, na nani anabeba hasara likiharibika?
3. Katika nyumba zetu kuna mgeni gani ambaye tumeanza kuchoka naye? Shirika linaweza kusaidia namna gani?

Tuombe

Ee Bwana, uliyekubali sadaka ya ndege wawili kutoka mikono ya maskini, utazame mabonde yetu na wanaoyalima. Uwape mama zetu chakula bila kumaliza chemchemi za watoto wao. Uwalinde wanaosafiri, wenye mabawa na wenye miguu, uwape mahali pa kutua. Uwapokee waliouawa walipokuwa wanatafuta kimbilio. Utufundishe kuacha kona. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.